Kilichoingia damuni

Mtu akigongwa na bodaboda, wanaomzunguka huangalia kwanza damu iliyotoka. Ni nyingi? Imekatika? Muuguzi wa mapokezi naye atauliza hivyo hivyo, na hana kosa, maana damu ikipungua mno mtu anakwenda. Ila ajali ina upande wake wa pili usioonekana pale barabarani. Paja lililobanwa chini ya chuma limepasuka seli zake, na yaliyokuwa ndani ya seli hizo hayana pa kwenda isipokuwa kwenye mkondo wa damu. Damu imetoka, sawa. Je, kimeingia nini?

Imeingia potasiamu, ambayo ikizidi husimamisha moyo. Imeingia myoglobini, protini nyekundu ya nyama, inayoufanya mkojo uwe kama chai ya rangi na kuzielemea figo. Ugonjwa huo wa waliopondwa ulielezwa vizuri mwaka 1941 na daktari Eric Bywaters wa London na mwenzake, wakati wakipokea watu waliofukuliwa kwenye vifusi vya nyumba zilizopigwa mabomu: mtu anatolewa akiwa anaongea, anakunywa chai, siku chache baadaye figo zimekufa. Potasiamu na figo hupimwa hadi leo. Lakini kuna mgeni wa tatu, mwenye uzito kuwapita hao wawili, ambaye hana nafasi kwenye fomu ya maabara. Anaitwa aktini.

Kumwelewa huyu, nenda pwani ya mashariki ya Unguja, kule ambako wanawake bado wanasokota kamba za usumba. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye mchanga unaofikiwa na maji ya bahari, yakakaa miezi mpaka yalainike, kisha yakafukuliwa na kupigwa mpaka zibaki nyuzi tupu. Nyuzi hizo kiganjani si kitu, mtoto anazikata. Zikisokotwa mbili mbili, moja ikiizunguka nyenzake, unapata kamba ya kufungia ngalawa. Aktini nayo ni hivyo: mistari miwili inayozungukana kwa mwendo wa parafujo. Tofauti ni kwamba mistari yenyewe ni ya shanga. Kila shanga ni molekuli moja ya protini, yenye asidi amino 375 katika msuli, na shanga hizo hushikana zenyewe bila mtu wa kuzitunga. Kamba inayotokea ina upana wa nanomita 7 hivi. Ungelaza kamba 10,000 ubavu kwa ubavu ndipo ufikie upana wa unywele mmoja.

Bila kamba hizi hakuna ngumi, hakuna hatua, hakuna pigo la moyo. Kwenye msuli, myosini huishika kamba ya aktini na kuivuta kama wavuvi wavutavyo juya. Kwenye seli nyingine aktini ni nguzo na fito za nyumba: ndiyo inayoipa seli umbo, ndiyo inayoisukuma seli nyeupe itambae kumfuata kijidudu. Aliyeitenga ni Brúnó Straub, mwaka 1942, katika mji wa Szeged huko Hungaria, akifanya kazi chini ya Albert Szent-Györgyi, yule aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1937 na aliyevuna vitamini C kwa wingi kutoka kwenye pilipili za mji huohuo. Jina walilitoa kwenye kazi yake: ni protini inayoiamsha myosini. Vita vilikuwa vimepamba moto, Hungaria ikiwa upande wa Ujerumani, na matokeo yao yalichapishwa palepale Szeged. Dunia iliyasoma baadaye, bunduki ziliponyamaza.

Sasa jambo lenye utata liko hapa. Shanga za aktini hushikana au kuachana kutegemea chumvi iliyoko kwenye maji yanayozizunguka. Maji yasiyo na chumvi, zinabaki moja moja. Tia chumvi ya kutosha, zinaanza kujisokota. Na damu, kama ajuavyo kila aliyewahi kunyonya kidole alichojikata, ina chumvi. Kwa hiyo aktini iliyomwagika kutoka kwenye msuli uliopasuka haiwezi kukaa kimya humo. Ikiachwa, itajenga kamba ndani ya mishipa: kamba ndefu, ngumu, zinazofanya damu iwe nzito, zinazoshikana na mabonge, zinazokwama kwenye vijishipa vyembamba kuliko unywele. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani waliwadunga panya aktini kwenye mshipa, wakiongeza kiasi mpaka kikapita uwezo wa damu kuibeba. Ndani ya mishipa ya mapafu walikuta kamba za aktini na mabonge. Mapafu ndiyo yaliyoumia kwa sababu ya jiografia ya mwili tu: damu ya vena yoyote hupita moyoni na kuangukia mapafuni kwanza, na huko ndiko kichujio kilipo.

Lakini seli hufa kila siku. Umebeba gunia la mahindi, umecheza mpira baada ya miezi sita ya kukaa, umepigwa sindano ya msuli: kuna aktini iliyovuja. Tungekuwa tunaziba mapafu kila Jumatatu. Hatuzibi, na sababu ni protini mbili zinazozunguka kwenye damu ya kila binadamu saa zote. Moja inakata. Nyingine inakusanya.

Anayekata anaitwa jelsolini. Waliompa jina ni Helen Yin na Thomas Stossel, Boston, mwaka 1979, na hawakuwa wakitafuta kitu cha damu hata kidogo. Walikuwa na seli za kula vijidudu zilizotolewa kwenye mapafu ya sungura, wakijiuliza seli hizo hutambaaje. Seli inayotambaa ina fumbo la mpika uji: sehemu moja ya tumbo lake lazima igande ili isukumie, na nyingine iwe majimaji ili ipite, na hali hizo mbili zibadilishane kwa sekunde. Walikuta protini inayogeuza jeli ya aktini kuwa majimaji pindi kalsiamu inapopanda. Jina walilolitunga limechukua nusu ya neno la kuganda na nusu ya neno la kuyeyuka. Miaka hiyohiyo, maabara nyingine zilikuwa zikishangaa kwa nini aktini ikichanganywa na majimaji ya damu inalegea na kupoteza uzito wake wote. Kila kundi liliipa protini hiyo ya damu jina lake. Mwaka 1986 jeni ilisomwa, na ikaonekana ni mtu mmoja mwenye nguo mbili: jeni moja tu, kwenye kromosomu ya 9, inatoa jelsolini ya ndani ya seli na ile ya damuni. Ya damuni ina kipande kifupi cha ziada mwanzoni, basi.

Nguo ndogo, lakini maisha tofauti kabisa. Jelsolini hufanya kazi ikiwa imeshika kalsiamu. Ndani ya seli kalsiamu ni haba mno, kwa hiyo jelsolini ya ndani hulala, ikiamshwa kwa kitambo seli inapotaka kujigeuza. Kwenye damu kalsiamu ni kama mara 10,000 zaidi. Jelsolini ya damuni haina usingizi. Ni kisu kilichochomolewa alani mchana na usiku, na kinaweza kukaa hivyo kwa sababu katika damu safi hakuna kamba ya kukata.

Inavyokata ndivyo kunavyonifurahisha zaidi. Haina meno, wala haitumii hata chembe ya ATP, ile nishati ambayo seli hulipia karibu kila kazi. Inajilaza ubavuni mwa kamba, sehemu zake sita zikaizunguka, kisha inajipenyeza kati ya shanga na shanga kama kabari kwenye gogo. Kamba inapinda, inakatika. Na hapo jelsolini haiondoki: inabaki imekalia ncha iliyokatwa. Kamba ya aktini ina ncha mbili, moja inayokua haraka na moja ya polepole, na ncha inayokaliwa ni ile ya haraka. Kwa tendo moja kamba imekatwa na imezibwa mdomo.

Sasa una vipande vifupi vingi, vinavyodondosha shanga moja moja kwenye ncha iliyo wazi. Shanga hizo zikiachwa zitajisokota upya mahali pengine. Hapa ndipo anapoingia mkusanyaji, protini ya Gc. Hii huikumbatia shanga moja na kuziba mahali ambapo shanga nyenzake ingeshikia. Zikishafungwa hivyo, Gc na aktini husafiri pamoja mpaka kwenye ini na kuondolewa haraka, ilhali Gc isiyobeba kitu huzunguka kwa siku kadhaa.

Historia ya Gc ni ya kuchekesha, kwa maana iligunduliwa mara tatu. Mwaka 1959 Jan Hirschfeld wa Uswidi, akizitenganisha protini za damu kwa umeme, aliona moja ambayo kwa watu wengine hukimbia na kwa wengine huchelewa. Hakujua ina kazi gani, ila alijua inarithiwa, na kwa miaka mingi ilitumika mahakamani katika kesi za kugombea ubaba wa mtoto, kabla vipimo vya DNA havijaingia. Mwaka 1975 kundi jingine likagundua kwamba protini hiyohiyo ndiyo inayobeba vitamini D. Mwaka 1980, Leuven, Ubelgiji, ikaonekana inashika aktini. Kinachonishangaza ni hesabu ya viti: chini ya kimoja katika kila 20 kimekaliwa na vitamini D. Ni basi linaloitwa kwa jina la abiria wake mmoja huku viti karibu vyote vikiwa wazi. Ukiniuliza mimi, mwili haungetengeneza basi kubwa hivyo kwa ajili ya abiria wachache vile. Viti vitupu vinasubiri aktini.

Nikiwa hapo kwenye Gc, kuna kisa ambacho msomaji Mwafrika anastahili kukijua. Protini hii ina sura kuu tatu zinazorithiwa, na ile iitwayo Gc1F ndiyo iliyoenea zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Mwaka 2013 jarida kubwa la tiba la Marekani lilichapisha utafiti wa watu zaidi ya 2,000 wa Baltimore uliosema Wamarekani weusi wana protini hii kidogo sana kuliko weupe. Habari ikasambaa. Baadaye wengine walipopima kwa njia tofauti, pengo hilo likayeyuka: kingamwili iliyotumika kwenye kipimo cha kwanza ilikuwa haiitambui vizuri Gc1F. Damu haikuwa na upungufu. Kipimo ndicho kilichokuwa hakijui kusoma sura moja kati ya tatu.

Mwaka 1992 William Lee na Robert Galbraith waliziandika protini hizi mbili pamoja kama mfumo mmoja, mfumo wa kuokota aktini iliyo nje ya seli. Tangu hapo imekuwa rahisi kuuliza swali la mhasibu: mfumo huo unaweza kubeba kiasi gani? Chukua mtu mzima mwenye lita 3 hivi za plazma. Jelsolini ni kama miligramu 200 kwa lita, Gc ni kama miligramu 300 au zaidi. Ukijumlisha zote hupati hata nusu ya kijiko cha chai. Uwezo wake wa kushika aktini kwa mkupuo mmoja ni gramu moja na kitu. Na misuli ya mtu huyo imebeba aktini ya mamia ya gramu. Maana yake, kipande cha nyama kisichojaza kiganja, kikipondwa sawasawa, kina aktini ya kutosha kuimaliza akiba yote.

Ndiyo maana jelsolini hushuka. Hushuka kwa walioungua moto, kwa walioumia vibaya, kwa wenye maambukizi yaliyosambaa kwenye damu, kwa wanaosafishwa figo kwa mashine. Ini likifa ghafla, kama linavyokufa kwa aliyemeza parasetamoli nyingi kupita kiasi, Gc hushuka vilevile, tena kwa kishindo, kwa kuwa ini ndilo linaloitengeneza: kiwanda kimeungua siku ileile mahitaji yalipopanda. Kwa wagonjwa wa namna hiyo, kiwango cha Gc siku ya kulazwa kimeonekana kuhusiana na nani atatoka salama.

Na malaria. Mwaka 1988 jarida la Blood lilitoa utafiti ulioonyesha kwamba wagonjwa wa malaria ya falciparum wana jelsolini pungufu, na waandishi wakauliza kama ni kwa sababu ya kupasuka kwa chembe nyekundu. Swali zuri. Chembe nyekundu ina wavu chini ya ngozi yake unaoiwezesha kujikunja ipite kwenye vijishipa, na mafundo ya wavu huo ni vikamba vifupi vya aktini, vyenye shanga kama dazeni moja kila kimoja. Kimelea huzaana humo ndani kwa saa 48 hivi, kisha hupasua na kutoka. Kila chembe ni tone tu. Lakini mtoto mwenye malaria kali hapasui chembe moja. Sisi wa huku tumefundishwa kuuona upungufu wa damu kwenye viganja na ndani ya kope, na ni elimu inayookoa. Vikamba vilivyomwagika wakati damu ikipungua havina mahali pa kuonekana.

Hapa lazima nijizuie kidogo, kwa kuwa kuna mtego. Jelsolini ikishuka kwa mgonjwa mahututi, je, ameumia zaidi kwa sababu imeshuka, au imeshuka kwa sababu ameumia zaidi? Ufagio uliochakaa unaonyesha uwanja ulikuwa mchafu; hauthibitishi kwamba ufagio mpya utamponya mwenye nyumba. Panya wenye maambukizi makali waliodungwa jelsolini waliishi zaidi ya wenzao, na hilo lilitia moyo kiasi kwamba jelsolini iliyotengenezwa maabara imejaribiwa kwa binadamu wenye nimonia, wakiwemo wa COVID-19. Wagonjwa waliivumilia. Kwamba inaokoa maisha, hapo bado. Hadi sasa hakuna daktari anayeweza kuiandika kwenye karatasi ya dawa. Mimi ni mmoja wa wanaoitakia heri, lakini historia ya dawa za maambukizi ya damu ni makaburi ya hoja zilizopendeza kwa panya.

Wala mfumo wenyewe si mnyororo unaokatika ukipoteza pingili moja. Mwaka 2019 madaktari wa Kanada walimwelezea mwanamke wa makamo ambaye hana Gc kabisa, jeni yake imefutika kwa baba na kwa mama. Vitamini D yake ilikuwa karibu na sifuri kwenye vipimo, mifupa ilikuwa na matatizo yake, lakini alikuwa ameishi miongo yake yote. Basi langu la viti vitupu halikumwendea safari hata moja, na alifika. Ninaikubali hoja hiyo inavyonichoma. Jibu langu ni kwamba jelsolini alikuwa nayo, na kwamba mtu wa namna hiyo hatujamwona siku ya ajali kubwa.

Ufini wana hadithi ya upande wa pili, ya kisu chenyewe kugeuka. Mwaka 1969 Jouko Meretoja, daktari wa macho, aliwaeleza wagonjwa wa familia kadhaa za nchini mwake ambao kioo cha jicho kilikuwa kimechorwa mistari kama wavu. Miaka ikienda, mishipa ya fahamu ya uso ililegea, ngozi ya kope na mashavu ikaning'inia. Kilichowapata kilifahamika mwaka 1990: herufi moja ya jeni ya jelsolini imebadilika, na asidi amino ya 187 si ile inayotakiwa. Kwa kosa hilo sehemu ya pili ya jelsolini haishiki kalsiamu vizuri, hivyo inalegea. Jelsolini ya damuni inapofungashwa kutoka nje ya seli hukutana na kimeng'enya ambacho kwa kawaida hakiigusi, na hiki kinaikata pale ilipolegea. Vipande vinavyobaki hushikana, kimoja juu ya kingine, vikajipanga kuwa nyuzi. Nyuzi hizo ndizo zinazotanda kwenye jicho, kwenye ngozi, kwenye mishipa ya fahamu. Mkata kamba amekatwa, na vipande vyake vimesokotana kamba mpya isiyokatika.

Turudi kwa yule wa bodaboda. Yuko kitandani, dripu inatiririka, fomu ya maabara imejazwa: himoglobini, potasiamu, figo, kundi la damu. Paja la kulia limevimba na kuwa jeusi. Ndani ya damu yake vipande vya kamba vinakatwakatwa, Gc zinaokota, ini linapokea mizigo. Akiba ya jelsolini inashuka, na mtengenezaji wake mkuu, kwa mujibu wa vipimo vya miaka ya 1980, si ini kama ilivyo kwa protini nyingi za damu. Ni msuli. Nyuma ya bandeji paja la kulia linaendelea kuvuja aktini. La kushoto, lililobaki zima, linamwaga jelsolini.